Afya na safari: kwa nini wengi wanarudishwa wakiwa wazima

Hapa Goma ni nadra kupata avenyi isiyo na mtu anayesubiri kuondoka. Huyu amepata shule China. Yule mume wake yuko Ubelgiji na amemfungulia dosiye ya kuunganisha familia. Mwingine hayuko hata hapa: alikimbilia Uganda miaka mingi iliyopita, yuko kambi ya Nakivale au ya Kyangwali, na ndugu zake wa Katindo wanampigia simu kuuliza HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, imesema nini. Wote wanajua kwamba kabla ya ndege kuna vipimo vya munganga (daktari). Lakini ni vipimo gani, na vikikuta kitu inakuwaje, hapo kila mtu ana hadithi yake. Utasikia kwamba mwenye kifua kikuu haendi popote maisha yake yote. Utasikia kwamba mwenye virusi vya Sida (UKIMWI) asijisumbue kuomba visa. Utasikia kwamba kadi ya njano ya chanjo inanunuliwa tu, mradi ina mhuri.

Maneno hayo yanaumiza watu. Anayeyaamini ama anaacha kabisa kuomba kile ambacho ni haki yake, ama anaficha ugonjwa na kutafuta makaratasi ya bandia. Ukweli ni kwamba nchi nyingi hazimwogopi mgonjwa kiasi hicho. Ugonjwa ukionekana, mara nyingi safari inachelewa, haifi. Kinachoua safari za watu wetu ni tarehe zilizopishana, majina yasiyofanana, na siri iliyogunduliwa baadaye.

Ili kuelewa, inabidi kwanza kutenganisha mambo ambayo sisi tunayaita kwa jina moja. Kipima joto cha mpakani kinauliza: je, unaumwa leo? Kadi ya chanjo inauliza: je, unaweza kubeba ugonjwa bila wewe mwenyewe kujua? Vipimo vya visa vinauliza: ukija kukaa kwetu miaka, afya yako itatugusa vipi? Kila swali lina sheria yake na muda wake, na anayelipa gharama si yuleyule.

Kipima joto cha Petite Barrière

Tuanze na mlango tunaoujua. Kabla ya Covid, makumi ya maelfu ya watu walivuka Petite Barrière kila siku kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, wengi wao akina mama wenye mabeseni kichwani. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 kila mmoja alipitia mambo yaleyale. Beseni linashushwa chini. Mikono inaoshwa kwa maji ya klori, yale yanayonuka na kukausha ngozi. Kisha kijana mwenye kizibao anaelekeza kifaa kwenye paji la uso: “Mama, simama kidogo.” Namba inasomwa, beseni linarudi kichwani, wa nyuma anasogea.

Kifaa kile kinaona homa tu, hakioni Ebola. Mtu aliyeambukizwa Ebola hukaa kati ya siku 2 na 21 kabla ya kuanza kuumwa, na katika siku hizo hawaambukizi wengine. Akipita siku ya tano, joto lake ni la kawaida, na hakuna kosa la yeyote. Ndiyo maana kando ya kipima joto kulikuwa na maswali: umetoka wapi, umezika nani, umemhudumia mgonjwa? Majibu ya kweli yalikuwa na thamani kuliko namba ya kifaa. Tarehe 14 Julai 2019 Goma ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyetoka Butembo kwa basi na kupita vizuizi vya afya njiani. Siku tatu baadaye, tarehe 17 Julai, OMS, Shirika la Afya Duniani, ilitangaza kwamba Ebola ile ni dharura ya afya ya dunia.

Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo Rwanda ilifunga mpaka kwa saa chache, kisha ikaufungua. Wengi tunakumbuka hofu ya siku ile. OMS ilikuwa imeshauri wazi kwamba mipaka isifungwe, na sababu yake ni ya kimsingi: mwenye shida atavuka tu, ila atavuka kwa njia za panya, ambako hakuna maji ya klori wala mtu wa kumuuliza anatoka wapi. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287 katika mikoa ya mashariki.

Sheria inayotawala mlango huu ni Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kufanya kazi tarehe 15 Juni 2007, na zinazifunga nchi 196, Kongo na majirani wake wote ndani. Ofisa wa afya wa mpakani anaruhusiwa kukuuliza safari yako, kuangalia makaratasi yako ya afya na kukupima kwa namna isiyoingia mwilini. Kukuchoma sindano au kukufanyia uchunguzi wa ndani bila wewe kukubali, haruhusiwi. Ukikataa, nchi yake nayo ina haki ya kukunyima kuingia. Hali ikiwa ya hatari ya wazi, sheria ya nchi yao inaweza kukulazimisha kukaa karantini au kupewa chanjo, lakini waliokuweka huko wanapaswa kukupa chakula, maji, matibabu na njia ya kuwasiliana na watu wako, na kukueleza mambo kwa lugha unayoielewa.

Na gharama? Kifungu cha 40 cha kanuni hizo kinasema msafiri wa kawaida halipishwi kwa uchunguzi unaolenga kujua kama ni mgonjwa, wala kwa kuwekwa karantini. Kama kuna mtu mpakani anadai pesa ya kukupima joto, anadai kitu ambacho sheria haimpi. Lakini kifungu hichohicho kinawaacha nje wale wanaoomba kwenda kukaa, kwa muda au moja kwa moja. Hao wanaweza kulipishwa. Ndiyo maana mwanafunzi anayekwenda kuishi ugenini analipia vipimo vyake mwenyewe, tena si kidogo, na hakuna aliyemwibia.

Kadi ya njano

Kati ya chanjo zote duniani, ile ya homa ya manjano ndiyo imetajwa kwa jina katika kanuni hizo kama chanjo ambayo nchi inaweza kumdai msafiri ili aingie. Kongo ni nchi yenye ugonjwa huo, kwa hiyo sisi tunaulizwa kadi karibu popote tunapokwenda Afrika na Asia. Wengine wanaona ni manyanyaso. Tuangalie basi kilichotokea 2016. Homa ya manjano ilikuwa imelipuka Luanda, Angola, tangu mwishoni mwa 2015, ikavuka hadi Kinshasa. Chanjo zikapungua duniani, hata Kinshasa ikabidi watu wengi wapewe sehemu moja ya tano ya dozi. Katika miezi hiyo wafanyakazi 11 wa Kichina waliokuwa Angola bila chanjo walirudi kwao wakiwa na ugonjwa. Asia haikuwahi kupata homa ya manjano kabla ya hapo. Mbu anayeieneza yuko kule, watu hawana kinga, miji imejaa. Ugonjwa ukipata nafasi mara moja tu, hesabu ya wafu itakuwa ya kutisha. Ndiyo sababu India, ambako watu wengi wa Kivu hukimbilia kwa matibabu ya moyo na figo, humweka karantini hadi siku 6 msafiri aliyetoka nchi kama yetu bila kadi. Siku 6 ndizo ugonjwa unazohitaji kujionyesha.

Sasa tuifungue kadi yenyewe tuisome, kwa maana ni hapa watu wanakwama.

Mstari wa jina. Kongo tuna majina matatu, nom, postnom na prénom, na paspoti inayaandika yote. Muuguzi mwenye haraka anaandika mawili, au anageuza mpangilio, au anaandika jina la mume. Kwa macho yetu ni mtu yuleyule. Kwa macho ya kijana wa kaunta ya ndege, aliyekabidhiwa kazi ya kulinganisha herufi, ni watu wawili. Nenda na paspoti yako kwenye chanjo, isimamie iandikwe kama ilivyo.

Mstari wa tarehe. Kadi inaanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya sindano, kwa maana mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Ukichanjwa Jumatatu na ndege ni Ijumaa, una sindano mwilini lakini kisheria bado huna kadi. Hakuna cha kubembeleza hapo.

Kisha namba ya chanjo iliyotumika, mhuri wa kituo kilichoidhinishwa, na sahihi. Sahihi ya muuguzi au munganga iwe ya mkono wake, na wewe mwenyewe una nafasi yako ya kuweka sahihi. Wengi wanaiacha tupu.

Halafu kuna lile suala la miaka 10. Kadi za zamani zimeandikwa kwamba zinaisha baada ya miaka 10, na bado kuna maofisa wanaomrudisha mtu kwa sababu hiyo. Tangu tarehe 11 Julai 2016 sheria ilibadilika: kadi ni ya maisha yote, hata zile zilizoandikwa muda wa zamani. Huhitaji kuchanjwa tena wala kuandikiwa kadi mpya. Ukikutana na ofisa asiyejua, mtajie tarehe hiyo kwa upole na uombe msimamizi wake.

Kuhusu kadi za kununua nitasema bila kuzunguka. Zipo, na wanaoziuza wanajulikana mtaani. Mwenye kadi hiyo hana kinga, na homa ya manjano haina dawa ya kuiponya; munganga anaweza kukusaidia tu uvumilie mpaka mwili ushinde au ushindwe. Tena kadi za bandia zinachafua jina la taifa zima. Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanijeria 125 uwanjani Johannesburg kwa madai kwamba kadi zao hazikuwa halali. Ukawa mgogoro wa serikali mbili, na Afrika Kusini mwishowe ikaomba radhi. Lakini abiria wale walikuwa wamekwisha kurudishwa.

Wapo wasioruhusiwa kuchanjwa: watoto chini ya miezi 9, wenye kinga dhaifu sana ya mwili, mara nyingi mama mjamzito. Hao wanaandikiwa cheti cha munganga, na nafasi yake imo ndani ya kadi ileile. Nchi inayopokea inapaswa kukizingatia, ingawa inaweza kuwaweka chini ya uangalizi kwa siku zile 6.

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, wengi wetu tunapandia ndege Kigali na kubadilisha Addis Ababa, Nairobi au kwingine. Basi usiulize tu nchi unayokwenda inataka nini. Uliza na ile unayopitia, maana baadhi zinadai kadi kwa abiria aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye ugonjwa. Na anayekukagua kwanza si polisi wa huko: ni mfanyakazi wa kampuni ya ndege, kwa sababu ukikataliwa, kampuni ndiyo inayokurudisha kwa gharama zake. Hana sababu ya kukuonea huruma.

Chanjo nyingine nitazipitia haraka. Polio imekuwa dharura ya dunia tangu Mei 2014, na kwa nchi zenye virusi hivyo, nasi tumo, OMS imekuwa ikipendekeza wakazi wachanjwe kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya kusafiri nje. Wanaokwenda Hija wanahitaji pia chanjo ya uti wa mgongo, angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Kipindupindu, ambacho sisi wa kando ya ziwa tunakijua vizuri, hakidaiwi kadi ya chanjo tena: sharti hilo liliondolewa katika kanuni za kimataifa mwaka 1973 kwa sababu chanjo ya wakati ule haikuzuia ugonjwa kuvuka mpaka. Yeyote anayekuuzia mhuri wa kipindupindu anakuuzia kitu cha babu zako. Na Mpox, ambayo aina yake mpya ilionekana Kamituga mwaka 2023 na kuwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, haijamfanya msafiri adaiwe kadi yoyote ya kimataifa. Walioambiwa walipe “kadi ya Mpox” walidanganywa.

Kifua mbele ya mashine

Tufike kwenye vipimo vya visa. Mtu wa safari fupi ya Ulaya hapimwi kitu. Visa ya Schengen inadai bima ya afya isiyopungua yuro 30,000, basi. Vipimo vinaanza pale unapoomba kukaa. Uingereza inadai cheti cha kifua kikuu kwa anayekuja zaidi ya miezi 6 kutoka nchi zilizo kwenye orodha yake, Kongo ikiwemo. Ubelgiji, kwa sheria ya tarehe 15 Desemba 1980, inataka cheti cha munganga aliyekubaliwa na ubalozi. China inawapa wanafunzi fomu yenye picha ya kifua, damu na kipimo cha moyo, na hata ukifika wanaweza kukupima upya kabla ya kibali cha kukaa. Marekani, Kanada na Australia zina waganga wao walioteuliwa. Cheti cha munganga mwingine, hata awe bingwa wa jiji zima, hawakisomi. Kwa Kanada matokeo yanatumwa moja kwa moja na munganga, kwa hiyo usishangae ukitoka bila cheti mkononi.

Katika fomu hizi zote ugonjwa unaojirudia ni kifua kikuu. Kwa nini huo? Kwa sababu unaweza kulala mwilini miaka bila dalili kisha ukaamka, na unapita kwa hewa ya chumba kimoja. Kongo ipo katika orodha ya OMS ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Hakuna tusi ndani yake. Ukiishi mahali watu 8 wanalala chumba kimoja, au katika hema la mkimbizi pale Kanyaruchinya na Bulengo tulivyoona, kifua kikuu kinapata njia.

Kipimo kinaanza na picha ya mapafu, kwa Uingereza na Kanada kuanzia miaka 11. Mama mjamzito ana haki ya kusema kwamba ni mjamzito kabla hajasimama mbele ya mashine. Anaweza kukingwa tumbo kwa vazi la madini ya risasi linalozuia miale, au kwa Uingereza kuchagua kupimwa makohozi, au kusubiri hadi ajifungue. Picha ikiwa safi, mambo yamekwisha.

Picha ikiwa na kivuli ndipo watu wanapofadhaika, na ndipo nataka tutulie. Kivuli si hukumu. Kinaweza kuwa kovu la kifua kikuu kilichopona zamani, kinaweza kuwa alama ya nimonia ya utotoni, na kwa aliyefanya kazi kwenye vumbi la migodi kinaweza kuwa vumbi hilo. Mashine haiwezi kutofautisha. Kwa hiyo unaombwa makohozi mara tatu, kwa siku tatu, asubuhi kabla hujala. Unapewa kikopo chenye mfuniko, unasimama mahali penye hewa, unavuta pumzi ndefu na kukohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Mate ya mdomoni hayafai kitu, na anayetoa mate anarudishwa kuanza tena. Sehemu moja ya makohozi inaangaliwa kwa hadubini. Nyingine inaoteshwa maabara, na hapo ndipo muda unapokwenda: vijidudu vya kifua kikuu vinakua polepole mno, na maabara inasubiri hadi wiki 8 kabla ya kusema hakuna kitu. Familia nyumbani inaona ukimya wa miezi miwili na kusema “wamemkataa.” Hapana, wanasubiri chupa.

Kama uliwahi kutibiwa, tafuta karatasi yako ya matibabu kabla ya kwenda. Kituo kilichokutibu kina daftari. Omba wakuandikie ulianza lini, dawa gani, ulimaliza lini, makohozi ya mwisho yalisema nini. Karatasi hiyo haikuondolei kipimo, lakini inamweleza munganga kivuli kimetoka wapi.

Na ikithibitika kwamba una kifua kikuu sasa hivi? Unatibiwa. Kwa kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Kongo dawa hizo ni bure chini ya mpango wa taifa. Kwa anayekwenda Marekani matibabu yanapaswa kusimamiwa, ukimeza dawa mbele ya mtu kila siku, na ukimaliza unapimwa tena na dosiye inaendelea. Haifutwi. Usianze dawa kimyakimya bila kumwambia munganga wa visa, ukidhani utafika ukiwa umepona nusu: dawa za wiki chache zinaficha vijidudu visionekane maabarani bila kuviua vyote, zinavuruga majibu, na zinaweza kukuachia kifua kikuu sugu, ambacho matibabu yake ni magumu kuliko hicho ulichokikimbia.

Virusi vya Sida, na kuhusu kusema ukweli

Marekani iliwafungia mlango wenye virusi vya Sida tangu 1987 hadi tarehe 4 Januari 2010. Siku hiyo sheria iliondolewa, na leo vipimo vya uhamiaji vya Marekani havidai tena kipimo hicho. China nayo iliondoa marufuku yake mwaka huohuo wa 2010. Kanada bado inapima kila mtu kuanzia miaka 15, ila jibu la kuwa na virusi si sababu ya kukataliwa peke yake. Kinachohesabiwa kule ni gharama: kama matibabu yako yanakadiriwa kupita kiwango fulani kwa mwaka, dosiye inaweza kukwama. Mwaka 2018 waliongeza kiwango hicho mara tatu, na wakimbizi pamoja na mke, mume na watoto wa mtu aliyeko kule hawahesabiwi gharama hizo kabisa.

Kuna nchi ambazo bado zimefunga, na ni afadhali ujue kabla ya kuuza kiwanja. Saudia, Falme za Kiarabu, Kuwait na Qatar zinampima mfanyakazi mgeni na kumrudisha akikutwa na virusi. Urusi inadai cheti kwa anayekaa zaidi ya miezi 3. Mimi naona ni sheria mbaya. Haina faida ya kiafya inayoonekana, inawafanya watu waache dawa ili wasionekane nazo kwenye begi. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na anayekuitia kazi Dubai bila kukwambia hivyo hakutakii mema. Kwa safari ya kwingineko, beba dawa zako kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya chupa zake, na karatasi ya munganga yenye jina la dawa.

Sasa kuhusu siri. Fomu za vipimo zinauliza historia: umewahi kuugua kifua kikuu, umewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, unatumia dawa gani, unavuta bangi? Watu wanajibu hapana kwa kila kitu kwa sababu ndugu aliyetangulia amewaambia hivyo. Picha inaonyesha kovu, na hapo munganga ana maswali mawili badala ya moja: la ugonjwa na la uaminifu. La kwanza linaisha kwa matibabu. La pili kwa Kanada linaweza kukufungia mlango kwa miaka 5, na kwa Marekani hata maisha yote isipokuwa upate msamaha maalumu. Pima mwenyewe: miezi 6 ya vidonge, au miaka 5 ya kusubiri.

Waliosajiliwa na HCR

Kwa mkimbizi anayepelekwa nchi ya tatu, vipimo mara nyingi vinafanywa na OIM, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, na havilipiwi na familia. Si picha, si damu, si chanjo, si nafasi kwenye orodha. Kila wiki kuna mtu anapigiwa simu aambiwe atume pesa ili “vipimo visogezwe mbele.” Hakuna ada hiyo popote.

Kinachowaumiza wakimbizi ni siku za cheti. Vipimo vya Kanada vinadumu miezi 12, vya Marekani kwa kawaida miezi 6, na mwenye alama ya kifua kikuu anaweza kupewa mitatu tu. Familia inaweza kumaliza kila kitu, kisha ndege ikaahirishwa kwa sababu isiyowahusu, na cheti kikaisha wakiwa bado kambini. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watu waliokuwa na tarehe ya ndege walibaki na makaratasi ambayo yaliendelea kuhesabu siku zake. Ukiitwa kupimwa mara ya pili au ya tatu, usidhani wamekuta ugonjwa wanaouficha. Mara nyingi ni cheti kimeisha, na munganga anapaswa kukwambia hivyo ukimuuliza.

Baba akikutwa na kifua kikuu, familia huwa na uchaguzi mgumu: wote wamsubiri, au wengine watangulie. Uliza ofisi kwa uwazi kabla ya kusaini lolote, kwa sababu dosiye ikishagawanywa, kuiunganisha upya kunachukua muda mrefu kuliko matibabu yenyewe. Na mtoto akizaliwa katikati ya kusubiri, peleka cheti cha kuzaliwa HCR wiki hiyohiyo. Mtoto anahitaji namba yake na vipimo vyake, na bila hivyo hatapanda ndege hata akiwa mgongoni mwa mama yake.